Mashine Inayokusoma Ukipita

Mwaka 2013, dereva mmoja wa New York alifungua kile kiboksi cha plastiki kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari ili kulipia tozo za madaraja bila kusimama, akaunganisha nyaya zake na mdoli wa ng'ombe. Alitaka kila kiboksi kinaposomwa na mashine, ng'ombe awake taa na kulia. Kisha akaendesha gari katikati ya Manhattan, kwenye mitaa isiyo na daraja wala kituo cha tozo. Karibu na Times Square ng'ombe akalia. Akalia tena mbele kidogo, na tena, hadi jirani na ukumbi wa Madison Square Garden.

Agosti ya mwaka huo aliwaonyesha wenzake mdoli huo kwenye mkutano wa wadukuzi, DEF CON, Las Vegas. Idara ya usafiri ya jiji ikaeleza kwamba visomaji vile ni vya mpango wa kupunguza foleni uitwao Midtown in Motion, ulioanza mwaka 2011. Mashine hupima gari linatumia muda gani kutoka makutano haya hadi yale, ili taa za barabarani ziongozwe ipasavyo, na namba za vifaa huvurugwa ili zisitambulike. Naipokea kauli hiyo kama ilivyotolewa. Foleni ni adha kubwa, na mji unaotafuta namna ya kuipunguza haujakosea. Lakini wenye magari walibandika kifaa kile kwa ajili ya tozo. Kazi yake ya pili wengi wao waliijua kwa sababu tu mtu mmoja alipata udadisi wa kufungua kiboksi.

Nchi zetu za Afrika Mashariki zinabandika vifaa vya jamii hii kwa kasi: kwenye magari, makontena, kadi za nauli, pasipoti, hata masikio ya ng'ombe. Mjadala wetu huishia kwenye kifaa chenyewe. Tunauliza kina bei gani, kimetoka nchi gani, nani kapewa zabuni. Ni nadra kuuliza mashine zinazokisoma zimewekwa wapi, na nani anabaki na kumbukumbu baada ya sisi kupita. Msimamo wangu ni kwamba sheria ya ufuatiliaji inayombana anayebeba kifaa na kumwacha huru anayekisoma haijamlinda raia hata kidogo.

Kwanza tuelewane juu ya kifaa, maana uvumi umeyaharibu mazungumzo haya. Wakati wa Uviko-19 watu wengi waliikimbia chanjo kwa kuambiwa kwamba ndani yake mna chipu ya kuwafuatilia. Ulikuwa uzushi mtupu, na ulituachia hasara ya pili: tangu hapo kila anayehoji chipu ya kweli, iliyopo, inayoshikika mkononi, huwekwa kapu moja na wazushi.

Chukua lebo ya bei ya shati kutoka mojawapo ya maduka makubwa ya nguo ya Ulaya, uielekeze kwenye taa. Kwenye nyingi utaona, ndani ya karatasi, mstari mwembamba wa metali uliokunjwakunjwa, na katikati yake nukta nyeusi ndogo kuliko punje ya mtama. Mstari ni antena, nukta ndiyo chipu. Hakuna betri. Mashine inaporusha mawimbi ya redio, antena huyadaka, nguvu yake ikaiamsha chipu kwa sehemu ndogo ya sekunde, nayo ikarudisha namba yake. Hereni ya ng'ombe hutumia mawimbi ya kilohezi 134.2 na husomwa kwa karibu, mtu akiwa amesimama na mashine ubavuni mwa mnyama. Kadi za kugusisha na pasipoti hutumia megahezi 13.56, zikasomwa kwa umbali wa sentimita chache. Lebo za madukani na stika nyingi za magari ziko kati ya megahezi 860 na 960. Hizo husomwa kwa mita kadhaa, hata kumi, gari likiwa kwenye mwendo na dereva akiwaza mambo yake.

Chipu ya namna hii haijui iko wapi. Haizungumzi na setilaiti yoyote. Inachojua ni namba yake tu. Kinachojua mahali ni kisomaji, kwa kuwa kimefungwa kwenye nguzo inayojulikana na saa yake inakwenda. Kisomaji kimoja getini kinaandika kwamba namba fulani imeingia saa mbili asubuhi, na hapo hakuna la kutisha. Weka visomaji hivyo mji mzima, uviunganishe na daftari lenye majina ya wenye namba, na sasa unajua nani huenda kliniki ya kifua kikuu kila Jumanne, nani alihudhuria kikao cha chama usiku, nani ameacha kulala kwake. Hakuna askari aliyetumwa kumfuata mtu. Amejiandikisha mwenyewe kwa kupita. Ndiyo maana nasema hatari haimo kwenye chipu. Imo kwenye wingi wa visomaji na kwenye daftari lisilofutwa.

Teknolojia hii ina undugu na ujasusi tangu utotoni mwake. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, zawadi ya nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mti. Ikatundikwa ukutani kwenye makazi ya balozi. Ndani yake mlifichwa kifaa kilichobuniwa na mvumbuzi wa Kirusi, Léon Theremin, kisicho na betri wala waya wa umeme. Wakaguzi walipopita na vyombo vyao hawakusikia kitu, kwa sababu kilikuwa kimelala kama kipande chochote cha chuma. Kiliamka pale tu majasusi waliokuwa nje waliporusha mawimbi kuelekea kwenye jengo, kikarudisha maneno yaliyosemwa chumbani. Mabalozi walipokezana, zawadi ikabaki ukutani hadi mwaka 1952 ilipogunduliwa. Mwaka 1960 Henry Cabot Lodge, mwakilishi wa Marekani, aliionyesha kwa wajumbe wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Chipu za leo zinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: kitu kisicho na nguvu yake, kinachoamshwa na anayetaka kukisikia. Kwa kanuni hiyo aliyekibeba hawezi kujua kimeamshwa lini.

Mfano mzito kabisa wa jirani zetu uko Uganda.

Machi 2017 Andrew Felix Kaweesi, ofisa wa ngazi za juu wa polisi, alipigwa risasi Kampala pamoja na dereva na mlinzi wake. Waliomuua walikuja na pikipiki. Juni 2018 mbunge Ibrahim Abiriga akauawa karibu na nyumbani kwake, tena na watu wa pikipiki. Siku chache baadaye Rais Yoweri Museveni alilihutubia Bunge akataja hatua za usalama, na mojawapo ilikuwa kwamba kila gari na kila bodaboda vitafungwa kifaa cha kielektroniki cha kuvitambulisha, kwa gharama ya mwenye chombo. Juni 2021 Jenerali Katumba Wamala alinusurika shambulio lililomuua binti yake na dereva wake. Washambuliaji, kwa mara nyingine, walikuwa juu ya pikipiki. Mwezi uliofuata serikali ikatia saini mkataba na kampuni ya Kirusi, Joint Stock Company Global Security, wa kutengeneza namba mpya za magari zinazoweza kufuatiliwa. Novemba 2023 zikaanza kufungwa, magari ya serikali yakitangulia.

Sitawaambia waliofiwa kwamba woga wao ni wa bure. Mji ambao ofisa mkubwa wa polisi anauawa karibu na nyumbani kwake kisha wauaji wakayeyuka kwenye foleni za bodaboda una haki ya kutafuta dawa. Nikiwa Kampala miaka ile, na mimi ningetaka kujua pikipiki ile ilitoka wapi na ilikwenda wapi.

Ila lipo jambo analolijua kila aliyekuwa Kampala wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Wafuasi wa upinzani walikuwa wakikamatwa na watu wenye silaha na kupakiwa kwenye Hiace ambazo raia walizibatiza jina la ndege zisizo na rubani. Familia zilizunguka vituo vya polisi wiki nzima zikiuliza ndugu zao wako wapi. Na kilichokuwa kikisimuliwa tena na tena kuhusu magari hayo ni kwamba hayakuwa na namba. Hapo ndipo hoja ya serikali inaponiishia. Mtambo uliofungwa kwenye kibao cha namba unamfuata yule aliyekubali kufunga kibao. Muuaji atakiondoa, au ataiba cha mwenzake. Chombo cha dola kinachotaka kufanya kazi gizani nacho kitakiondoa, na hakuna atakayekisimamisha. Anayebaki kwenye daftari ni mwalimu, muuza duka, mwandishi wa habari, mgombea udiwani, muumini wa kanisa ambalo halipendwi na wakubwa.

Uganda inayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu mwaka 2019. Kwa hiyo tatizo si ukosefu wa sheria. Tatizo ni kwamba mfumo ulianza kujengwa na mkataba kusainiwa bila raia kuambiwa kumbukumbu za safari zake zitatunzwa muda gani, kampuni ya nje itaona nini, na ofisa wa usalama atahitaji idhini ya nani ili kufungua safari za mtu fulani. Hayo ni maswali ya kujibiwa kabla ya kibao cha kwanza kupigwa skrubu.

Kwenye mizigo mambo yalikwenda taratibu zaidi, na kwa hiyo hatukuyaona. Malori yanayopeleka bidhaa nchi jirani kutoka bandari ya Mombasa na ya Dar es Salaam hufungwa lakiri za kielektroniki ambazo, tofauti na chipu zile, hutangaza zenyewe zilipo. Kenya, Uganda na Rwanda ziliunganisha mfumo wao wa lakiri mwaka 2017. Lori likiacha njia iliyopangwa au lakiri ikifunguliwa porini, mamlaka ya mapato inapata taarifa papo hapo. Ni mfumo mzuri. Mafuta yaliyoandikishwa kuwa ya Kigali hayauzwi tena kimagendo njiani kirahisi kama zamani, na anayelipa kodi kwa uaminifu hanyanyaswi na bidhaa za wakwepaji.

Kisha ikaja 2020. Malori yakapanga foleni ya kilomita nyingi Malaba, Busia na Namanga, madereva wakisubiri majibu ya vipimo vya Uviko-19. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikatengeneza mfumo wa kufuatilia mzigo pamoja na dereva: programu ya simu yenye cheti chake cha vipimo, na safari yake ikifuatiliwa tangu anapoondoka. Dharura ilikuwa ya kweli na waliobuni mfumo walikuwa na nia njema. Ninachokitazama ni hatua yenyewe. Miaka mitatu nyuma kilichokuwa kikifuatiliwa ni kontena, kwa mamlaka ya sheria za forodha. Mwaka 2020 akawa mtu na afya yake, anakolala na anakoshuka kula. Dereva wa lori, ambaye tayari ndiye mtu anayesimamishwa na kupekuliwa kuliko wote kwenye barabara zetu, hakuwa na mahali pa kusema hapana, maana kukataa kulimaanisha kukosa safari.

Hivyo ndivyo mambo haya yanavyotembea. Kifaa huingia kwa kazi moja inayokubalika na kila mtu, na kikishazoeleka hupewa ya pili. Huko Marekani kumbukumbu za kiboksi cha tozo zimepelekwa mahakamani kwenye kesi za talaka, mke akathibitisha kwamba mume aliyedai yuko kikaoni alikuwa amevuka daraja la upande mwingine. Hakuna aliyenunua kiboksi kile kwa ajili ya talaka. India ilifanya stika yake ya tozo, FASTag, kuwa ya lazima Februari 2021, na asiye nayo akawa anatozwa mara mbili. Barabara ya Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, nayo inakusanya tozo kwa kifaa cha kubandika kwenye kioo, ingawa bado anayetaka anaweza kulipa dirishani. Hiyo nafasi ya kulipa dirishani watu wanaiona kama uzembe wa kiteknolojia utakaoisha. Mimi naiona kama haki, na ningependa iandikwe kwenye sheria kabla haijaondolewa kimyakimya.

Tanzania tumeanzia kwa ng'ombe. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ipo tangu mwaka 2010, na kwa miaka mingi tulitumia chapa ya moto. Zikaja hereni za kielektroniki, shilingi 1,750 kwa ng'ombe na 1,000 kwa mbuzi au kondoo. Mwaka 2022 malalamiko ya wafugaji yalifika bungeni, na zoezi likasimamishwa. Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na safari hii hereni zikaja pamoja na sindano.

Faida zake nazijua na nazitetea. Hereni ile ni kipande cha plastiki cha njano, ndani mna chipu yenye namba ya tarakimu 15. Mnunuzi wa nyama wa nje anataka kujua mnyama katoka wapi na kachanjwa nini. Botswana ilianza kuwatambua ng'ombe wake kwa chipu zaidi ya miaka 20 iliyopita ili isipoteze soko la Ulaya. Ng'ombe aliyeibwa akipatikana mnadani, namba inamrudisha kwa mwenyewe. Ng'ombe hana faragha ya kuvunjwa.

Mwenye ng'ombe anayo. Kundi la mfugaji ndiyo benki yake, na idadi ya mifugo ni jambo ambalo mila za jamii nyingi za wafugaji hazimruhusu mgeni hata kuliuliza. Tena mfugaji wa kandokando ya hifadhi anaishi na mgogoro wa ardhi unaojulikana nchi nzima: mifugo hukamatwa, hutozwa faini, hupigwa mnada. Mtu huyo ana sababu ya kuuliza namba iliyo sikioni mwa ndama wake itasomwa na nani. Ikisomwa na bwana mifugo, ni chanjo. Ikisomwa na askari wa hifadhi, ni ushahidi. Ikisomwa na mtoza ushuru, ni makadirio. Chipu ni ileile na namba ni ileile. Malalamiko ya 2022 yalizungumziwa zaidi kama ugomvi wa bei, na bei ilikuwa kero kweli. Lakini hata hereni zikitolewa bure, swali la nani atasoma linabaki. Wizara ingeweka wazi, kwa kanuni iliyochapishwa, kwamba kumbukumbu za chanjo hazitatumika kwa kukamata wala kutoza bila amri ya mahakama, nadhani wafugaji wengi wangeleta ndama wao wenyewe.

Kuna watu waliowahi kuuliza swali hilo na wakasikilizwa. Januari 2005, shule ya msingi Brittan, kwenye mji mdogo wa Sutter huko California, iliwavalisha wanafunzi beji shingoni zenye picha, jina na chipu ya redio. Visomaji vikafungwa juu ya milango ya madarasa, na vingine juu ya milango ya vyoo. Lengo lilikuwa kurahisisha mahudhurio. Wazazi hawakuulizwa, walishtuka kuwaona watoto wanarudi nyumbani na beji. Wachache wakalalamika, mashirika ya kutetea haki yakawaunga mkono, visomaji vya vyooni vikazimwa kwanza, na katikati ya Februari kampuni iliyotengeneza mfumo ikauondoa wote. Wazazi wale hawakuwa wataalamu wa mawimbi ya redio. Waliona mashine juu ya mlango wa choo cha mtoto, wakajua inatosha.

Mahakama nazo zimeanza kuelewa. Januari 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwenye kesi ya Jones, kwamba polisi kufunga kifaa kwenye gari la mtu na kumfuatilia, na hapo ilikuwa kwa siku 28, ni upekuzi unaobanwa na Katiba. Jaji Sonia Sotomayor aliongeza maoni yake akaonyesha kwamba orodha ya mahali mtu anapokwenda inafichua siasa zake, dini yake, maradhi yake na wapenzi wake. Mwaka 2018, kwenye kesi ya Carpenter, mahakama hiyo ikasema kumbukumbu za minara ya simu nazo kwa kawaida zinahitaji hati ya hakimu. Karibu na kwetu, tarehe 30 Januari 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Kenya waliamua kesi ya Huduma Namba, mpango wa daftari la taifa la utambulisho. Waliruhusu daftari la taifa liendelee kwa sharti la kuwepo kwanza kanuni za kutosha za kulilinda, lakini wakaharamisha kukusanya vinasaba na alama za mahali pa makazi ya mtu kwa setilaiti. Hukumu ile ilitambua kwamba mahali mtu alipo ni taarifa ya pekee, haiwekwi fungu moja na tarehe ya kuzaliwa.

Najua jibu linalotolewa: asiye na la kuficha anaogopa nini? Mtu anayesema hivyo hufunga mlango wake usiku na haachi simu yake wazi mezani. Kwetu hata mwenye nyumba safi kabisa anategemea mgeni abishe hodi. Na inawezekana kabisa kujenga mashine inayobisha. Pasipoti zetu za kielektroniki, za Kenya tangu 2017 na za Tanzania tangu Januari 2018, zinafuata utaratibu wa kimataifa ambao chipu haifunguki mpaka mashine isome kwanza mistari iliyochapwa chini ya ukurasa wa picha. Maana yake lazima uitoe mfukoni na kuifungua kwa mkono wako. Marekani ilipotoa kadi yake ya kuvukia mipaka ya nchi kavu, yenye chipu ya masafa marefu isiyo na kizuizi hicho, mtafiti mmoja mwaka 2009 alizunguka San Francisco na gari lenye vifaa vya dola 250 akazidaka namba za kadi za watu wasiomjua. Tofauti ya pasipoti na kadi ile haikuletwa na maendeleo ya sayansi. Ni uamuzi uliofanywa mezani na watu wenye vyeo, kabla ya zabuni kutangazwa.

Kwa hiyo tunaweza kudai uamuzi ulio bora. Kila kisomaji kinachowekwa mahali pa umma, iwe getini, barabarani au kituoni, kiwe na kibao kinachosomeka cha kusema ni cha nani na cha kazi gani, na orodha ya visomaji vyote ichapishwe. Ukipita mahali ukasomwa, ujue umesomwa. Kumbukumbu za kupita zifutwe kazi iliyotajwa ikiisha: tozo ikishalipwa na muda wa kulalamika ukishapita, hakuna sababu ya halali ya kuendelea kujua kwamba gari lile lilivuka Jumapili ile. Polisi wakizihitaji, waende kwa hakimu na jina na sababu, kama wanavyopaswa kwenda wakitaka kupekua nyumba. Na wanaofungua kumbukumbu hizo waache nao alama kwenye mfumo, ofisa nani, saa ngapi, kwa hati ipi, ili siku raia akishitaki kuwe na cha kuonyesha. Mwenye kutaka kulipa kwa fedha taslimu bila kuandika jina aendelee kuruhusiwa. Wapo watakaosema hili la mwisho linarudisha nyuma mapato. Naamini mapato yanaweza kulindwa kwa kuhesabu magari, bila kuhesabu watu.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalozuia kumkamata muuaji wa Kampala. Hakimu anaweza kutoa hati kwa dakika chache mauaji yakitokea. Linalozuiwa ni kuvinjari tu safari za watu ambao hawajatuhumiwa.

Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya Tanzania inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi na kudai zisahihishwe. Anayeona amekiukwa anaruhusiwa kulalamika kwa Tume. Haki hiyo ipo leo, na haidai wakili. Shabiki anayeingia Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa N-Card, abiria anayevuka Kigamboni kwa kadi hiyohiyo, dereva wa lori lenye lakiri, mfugaji aliyevishiwa ng'ombe wake hereni, kila mmoja anaweza kuandika barua ya maneno machache. Namba yangu mmeisoma wapi na lini. Kumbukumbu hizo mnazitunza hadi tarehe gani. Nani, nje ya ofisi yenu, ameomba kuziona, na alikuja na hati ya mahakama ipi.